Masikio ya Shemeji

Shemeji yangu husikiliza muziki kwa macho. Akiiona amplifaya nzito yenye uso wa alumini, husikia besi kabla haijachomekwa kwenye umeme. Karibuni alinunua nyaya za spika nene kama bomba la maji, akaniita nikazionje.

"Unasikia, shemeji? Mpiga solo anapumua!"

Mimi nilimsikia mbwa wa jirani. Nikaazima mita kwa fundi redio wa mtaani, tukapima nyaya mpya na za zamani. Ukinzani wa zote ukasoma karibu na sifuri.

"Mita haina masikio," akasema.

Haya, basi tuyapime masikio. Tukamfunga macho kwa kanga, mpwa wangu akakaa nyuma ya spika kubadilisha nyaya. Wimbo ulipoanza, shemeji akatikisa kichwa kwa raha: "Hizi ndizo zenyewe!" Zilikuwa za zamani. Tukarudia, akazikandia zile mpya. Tulipomfichulia, akaruka akiwa bado na kanga usoni: "Haiwezekani! Laki nane nzima?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Bei hiyo ndiyo kwanza anaisikia.

Kumcheka shemeji peke yake ni uonevu. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive, wa kampuni ya Harman huko Marekani, waliwapa wafanyakazi wenzao spika wazilinganishe, mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa. Zilipoonekana, spika kubwa za kifahari zilipata alama za juu. Zilipofichwa, tofauti zikapungua. Watu wa kazi hiyo hiyo!

Lakini vipimo navyo vina matapeli wao. Pale Kariakoo utakuta sabufa imeandikwa wati 10,000 PMPO, eti nguvu yake ya kilele. Soketi ya ukutani ya ampea 13 kwa volti 230 haifikishi hata wati 3,000. Hizo nyingine inakopa kwa nani? Geuza sabufa yenyewe usome nyuma, kwenye kibandiko cha umeme: mara nyingi hata wati 100 hazifiki.

Kipimo cha kweli husema mengi. Spika inayotoa sauti nene, za kati na nyembamba kwa uwiano, bila kupendelea upande mmoja, ndiyo ambayo wasikilizaji wengi huichagua wasipoiona. Na kifaa kilichozidi chenzake kwa desibeli moja tu husifiwa kuwa kitamu, kumbe kimeongezwa sauti kidogo. Wauzaji wanalijua hilo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda dukani mwambie muuzaji asawazishe sauti za vifaa vyote, kisha wewe geukia ukutani ndipo uchague. Ukishindwa kutofautisha, chukua cha bei nafuu. Na bei hiyo, waambie wa nyumbani mapema.