Viti Viwili, Mafundi Arobaini

Mgeni akiliona gari langu limeegeshwa chini ya mwembe hapa Mwera, haanzi na salamu, anaanza na paa: limekwenda wapi? Wengine hunipa pole kabisa. Trafiki mmoja alilizunguka kimya kimya, akainama kutafuta alama za kupinduka, kisha akaniuliza kwa upole, "Mzee, hii ajali ilitokea lini?" Nikamwambia limetoka hivyo kiwandani. Akaiomba tena leseni yangu, na safari hii akaisoma.

Ni MGB la mwaka 1965, rangi ya kijani iliyokwishakata tamaa. Kwa asiyelijua, hili ni gari la spoti la Kiingereza, viti viwili, injini ya cc 1798, kabureta mbili. Lilianza kuundwa mwaka 1962 katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford, na likaendelea mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1980, baada ya kutolewa zaidi ya nusu milioni. Mengi yalikwenda Marekani, kwenye lami. Hili likaja mkongeni.

Na mkonge, kwa taarifa ya wageni, umeanzia kwetu. Ni jirani zetu Kikokwe ambako Mjerumani Richard Hindorf alianzisha shamba mwaka 1893 kwa miche 62 iliyonusurika kati ya 1,000 iliyoletwa kutoka Florida. Ilipofika miaka ya sitini, nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa katani, bei iko juu, na mameneja vijana wa mashamba walikuwa na fedha za kuagizia upuuzi wowote waupendao. Kisha ikaja nailoni, bei ikaporomoka, Azimio la Arusha la 1967 likafuatiwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi, na mabwana wakafunga masanduku. Gari halikuenea kwenye sanduku. Likabaki kwa karani mmoja wa shamba, ambaye hakujua kuendesha lakini alijua kutunza, na watoto wake wakaniuzia kwa bei ya friji. Mke wangu anasema tungechukua friji.

Mimi nalitetea kwa hoja moja, na sijaona wa kuijibu. Jirani yangu ana Noah. Noah yake haiharibiki ovyo, lakini ikiharibika inawasha kitaa cha manjano, na hapo hakuna mtu Mwera nzima anayeweza kusema kitu. Inabidi ipelekwe Tanga ikachomekwe kwenye kompyuta, na kompyuta nayo iseme kwa Kiingereza. Gari langu linaharibika kila wiki, ila ukifunua boneti kila kitu unakiona kwa macho: hii plagi, huu waya, hapa panavuja. Aliyelibuni alijua fika litasimama njiani, akapanga vifaa kwa namna ambayo mpita njia anaweza kuinama na kutoa maoni. Na Mwera hatujawahi kukosa mpita njia.

Matokeo yake ni kwamba nina mafundi wengi kuliko ndugu. Fundi mkuu ni mzee aliyestaafu kwenye matrekta ya mkonge. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nati za gari hili zinapimwa kwa inchi, huku spana zote za wilaya hii ni za milimita. Nati ya nusu inchi inaikubali spana namba 13 kwa shingo upande. Ile inayofuata kwa ukubwa haiingii kwenye 14 na inazunguka bure ndani ya 15. Kwa nati hizo mzee ana 14 yake aliyoinoa kwa tupa mpaka ikakubali, na haiazimishi kwa mtu, hata kwangu mimi mwenye gari.

Fundi wa pili anatengeneza baiskeli. Magurudumu yangu ni ya spoku, na siku gurudumu moja lilipoanza kutikisika nililipeleka gereji, kijana wa gereji akashika kichwa. Fundi baiskeli alikuwa anapita zake. Akaliinua gurudumu, akalizungusha, akasikiliza, akatoa kifunguo kidogo mfukoni, na kabla chai haijapoa likawa limenyooka. Tangu siku hiyo amebandika kwenye mti wake kibao kinachosema BAISKELI NA MAGARI YA ULAYA. Magurudumu hayo, kwa kuongezea, hayana nati za kawaida. Yanafungwa katikati kwa nati moja kubwa yenye masikio, unaigonga kwa nyundo. Upande wa kulia hufunguka kinyume na upande wa kushoto. Kijana mmoja wa kuziba pancha alitoka jasho mchana kutwa akigonga upande usio wake, akazidi kulikaza gurudumu, huku akiniambia, "Mwalimu, hili limeliwa na kutu." Halikuwa na kutu hata chembe. Pengine ndiyo sehemu pekee isiyo nayo.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mafuta ya nazi. Juu ya kila kabureta ya gari hili kuna kikombe chenye pistoni ndani, na humo hutiwa mafuta mepesi ili pistoni ipande taratibu isirukeruke. Fundi mkuu aliishiwa mafuta ya mashine. Akaingia uani, akaona chupa ya mke wangu ya mafuta ya nazi, akayapima kwa vidole viwili, akaridhika na ulaini wake, akatia. Ilikuwa Februari, jua linaoka mawe, na sijapata kuliona gari likienda kwa utulivu namna ile. Nikataka hata kuwaandikia wenyewe Uingereza.

Ukaja Julai, kusi likavuma. Alfajiri moja nikaliwasha. Likakohoa, likatoa moshi mweusi, likajikaza, likazima. Wakaja mafundi. Mmoja akasema pointi, mwingine akasema petroli imechanganywa na maji, wa tatu akasema ni kijicho cha watu na akamtaja jirani mwenye Noah. Plagi zikatolewa, zikasuguliwa, zikarudishwa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake mkononi, maana kila mwanamke wa pwani anajua chupa ya mafuta ya nazi inavyokuwa asubuhi za Julai: nyeupe, ngumu, unaichokonoa kwa kijiti. Akaiweka juu ya ukuta wa uani ipate jua. Akaitazama chupa, akalitazama gari, akamtazama fundi mkuu kwa muda mrefu zaidi. "Mwalimu," akasema, "hebu lisogezeni nalo juani." Tukalisukuma hadi uwanjani. Saa nne likawaka lenyewe kwa mpigo mmoja.

Umeme wake ni habari nyingine, na sitaimaliza. Kampuni iliyotengeneza umeme wa magari haya, Waingereza wenyewe waliipa cheo cha Mwana wa Mfalme wa Giza, cheo ambacho kwetu pwani kina mwenyewe, kwa hiyo sitaji majina usiku. Itoshe kusema kwamba katika magari yote mnayoyajua ncha ya betri inayofungwa kwenye bodi ni hasi, na katika hili ni chanya. Kijana wa bodaboda alinifungia redio ya kisasa, zawadi kutoka kwa mwanangu. Redio ikasema "Karibu," ikatoa moshi, na haijatukaribisha tena.

Kuvuja, ndiyo, linavuja. Lakini hakuna anayelalamika, kwa sababu oili chafu ndiyo dawa ya mchwa kwenye nguzo za nyumba. Jirani zangu wameweka kopo chini ya injini kwa zamu. Fundi mkuu aliwahi kupata gasketi ya kuziba ule uvujaji. Wazee wakaja kukaa na mimi barazani, tukazungumza, na gasketi iko kabatini mpaka leo.

Kwenda Pangani mjini ni lazima tuvuke mto kwa kivuko pale Bweni. Tumbo la gari hili halifiki shibiri moja kutoka ardhini. Maji yakijaa napanda kivukoni vizuri tu. Maji yakitoka, njia ya kushukia inakuwa kali, mimi navuka na ekzosi inabaki Bweni. Basi siendi benki mpaka niwaulize wavuvi bamvua liko vipi. Sidhani kama kuna gari jingine la spoti duniani linaloendeshwa kwa mwezi mwandamo. Mara moja ekzosi ilipodondoka tuliifunga kwa kamba ya katani, maana kufunga kwa kitu kingine katika nchi hii ni kumdharau marehemu Hindorf. Ekzosi ikapata moto, katani ikaanza kufuka, na mlinzi wa benki akanipokea na ndoo ya mchanga. Siku hizi ni waya.

Paa lipo, nisije nikaonekana mwongo. La asili lilioza, nikashonewa jingine na fundi wa matanga kwa kitambaa chake kilekile cha kazi. Ni imara mno. Ukifika kilomita sitini kwa saa linajaa upepo kama jahazi, na kusi likivuma sawasawa gari linaanza kuelekea Pemba. Kwa hiyo mvua ikinyesha tunalowa tu.

Jirani mmoja, mzee mwenzangu, ana Peugeot 404 iliyokufa zamani. Kuku wake ndio wanaoimiliki. Yeye hupenda kunikumbusha kwamba Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967, mfululizo, kwa 404, na kwamba katika orodha yote ya washindi hakuna MG hata moja. Namjibu kwamba Waingereza nao walipata, mwaka 1964, kwa Ford Cortina. "Cortina," ananijibu, "ilikuwa na paa." Sina la kusema. Kuku wanacheka.

Sasa harusi. Mama mmoja wa hapa kijijini alinijia jioni. "Shikamoo Mwalimu. Kijana ameng'ang'ania, hataki kwenda kuoa ila kwa gari la wazi." Nikaitikia marahaba na nikakubali. Viti ni viwili, kimoja changu, kwa hiyo mpambe alipanda bodaboda nyuma yetu, akala vumbi lote la njia ya Ushongo akiwa amevaa kanzu nyeupe. Mbele walikwenda watu wa dufu. Bwana harusi alikaa wima, joho limemwagika juu ya mlango.

Gari hili lina pampu ya petroli ya umeme, chini, mbele ya gurudumu la nyuma la kulia. Ukifungua swichi hugonga tiki, tiki, tiki, ndipo ujue uko salama. Ikinyamaza inahitaji kupigwa, wala si kwa hasira, ni kofi la kuiamsha. Ilinyamaza katikati ya mnazi na mnazi, hatujafika nusu. Kijana wangu wa kazi akaingia uvunguni na kipande cha mpera. Ko, ko, ko. Ikaamka, tukasogea, ikalala. Ko, ko, ko. Watu wa dufu mwanzoni walisubiri kwa adabu. Baadaye mmoja akaanza kumfuata kijana, taratibu, wenzake wakaingia, wanawake wakapiga vigelegele, na kila tuliposimama umati ukazidi. Kule kwa akina bibi harusi walisikia mdundo wasioujua, wakatoka nje wote kuuliza upande wa mume umeleta ngoma gani.

Tulipofika, pindo la joho lilikuwa limenaswa kwenye spoku. Bwana harusi hawezi kushuka. Shehe ndani anauliza yuko wapi. Akaitwa fundi baiskeli, aliyekuwa miongoni mwa waalikwa, akapiga goti na kanzu yake, gari likarudishwa nyuma kwa mikono, spoku moja baada ya nyingine, mpaka joho likaachia. Ndoa ikafungwa, alhamdulillahi.

Wiki hiyohiyo wakaja wengine kuomba gari kwa ajili ya harusi yao. Nikawaambia kwa fahari kwamba pampu tumekwishapata mpya. Wakatazamana. Mkubwa wao akakohoa kidogo, akaniuliza kama ile ya zamani bado ninayo.