Barua ya Wazi kwa Wahariri Wanaohesabu Dakika za Foleni

Kwa Waheshimiwa Wahariri wa Habari za Kimataifa,

Barua hii inawasilishwa kwa unyenyekevu kwa niaba ya wasafiri ambao vidole vyao havijawahi kuwa habari. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025, Umoja wa Ulaya ulipoanza kutumia Mfumo wa Kuingia na Kutoka, yaani daftari la kompyuta linalotunza sura na alama za vidole za mgeni badala ya mhuri wa pasipoti, magazeti ya Uingereza yamekuwa yakihesabu foleni za viwanja vya ndege dakika kwa dakika na kuwapa pole waliochelewa ndege. Huruma hiyo inastahili pongezi.

Hata hivyo, mwombaji wa viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka ya baina yao, hutoa alama za vidole vyote kumi Afrika Mashariki tangu mwaka 2013, kabla hajajua kama atasafiri, na mtu mzima hulipa euro 90 zisizorudishwa hata akinyimwa. Inaombwa, basi, ateuliwe Mwandishi Maalumu wa Foleni, akae nje ya kituo cha maombi ya viza jijini Dar es Salaam, apewe kiti cha plastiki na mwavuli, atangaze mubashara kila mlinzi anapomrudisha mtu kwa kukosa nakala moja, na aoneshe kwa ramani ya rangi jinsi kivuli cha ukuta kinavyowahama waliopanga mstari. Mwanasaikolojia aitwe studio kuchambua uso wa mama aliyekumbatia bahasha ya kaki yenye taarifa ya benki iliyogongwa mhuri kila ukurasa, hati ya kiwanja na cheti cha ndoa, ili tu aaminiwe kwamba harusi ya mwanawe ikiisha atarudi kwake. Utabiri wa foleni usomwe kila jioni baada ya utabiri wa hali ya hewa.

Inaombwa pia Brazil iombwe radhi, kwa kuwa Januari 2004, ilipowachukua Wamarekani alama za vidole kwa amri ya jaji, kujibu mpango wa Marekani wa kuwafanyia Wabrazili vivyo hivyo, hatua ya Marekani iliripotiwa kuwa ya usalama na ile ya Brazil kuwa ya ugomvi. Wahariri wanajua fika kwamba kwao saa tatu za Mwingereza ni msiba na miezi mitatu ya Mtanzania ni utaratibu, na wameona haya yote kwa miaka, wakanyamaza, kwa sababu aliyesimama juani hanunui gazeti lao. Ukali huo usamehewe.

Safari ya Mwandishi Maalumu isiwatie wahariri wasiwasi: raia wa Uingereza hulipia viza ya kawaida ya matembezi dola 50 palepale uwanjani, akishuka.