Muulize Mjomba: Mume Wangu Amejifunza Kusema "Sijui"

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka mwambao, kuanzia Makobola hadi Baraka, na nusu yake zinanuka ndakala. Sikulalamika. Bahasha yenye harufu ya samaki imeandikwa na mtu aliyeacha kazi yake kidogo ili aniulize jambo. Tuanze na huyu mama, maana barua yake nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimecheka kabla ya kuona haya.

*

Mjomba, jambo sana. Mimi ni mama wa watoto watano, nachuuza ndakala hapa Swima. Mume wangu alikuwa mtu mzuri. Tangu asikie yale mahojiano ya jirani yetu wa Kigali, ameharibika. Nikimwuliza pesa ya samaki wa usiku imekwenda wapi, ananijibu: "Sijui." Nikimwambia, wewe si ndiye mkubwa wa nyumba hii? Anasema: "Ndiye. Lakini mambo nisiyoyajua ni mengi." Watoto wanaanguka kwa kicheko. Juzi nimerudi kutoka sokoni, nikakuta mwanamke nisiyemfahamu amekalia kiti changu uani, anamenya mihogo yangu kwa kisu changu. Nikamwuliza mume wangu huyu ni nani na ameingia lini. Mjomba, jibu unalijua. Nifanye nini?
— Mama Ndakala, Swima

Mama yangu, pole. Mumeo si wa kwanza, na nyumba yako si pekee. Ugonjwa huu una tarehe yake: Februari 3, 2025. Siku hiyo Larry Madowo, mtangazaji Mkenya wa CNN, aliketi na Rais Paul Kagame akamwuliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la pili angeliuliza: askari wa Rwanda wamo Kongo au hawamo? Mji wa Goma ulikuwa umekwisha kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 wiki moja kabla. Rais akasema hajui. Madowo akamkumbusha kwamba yeye ndiye amiri jeshi mkuu. Akakubali kwamba ndiye, lakini yapo mengi asiyoyajua. Kisha akaongeza kwamba ukimwuliza kama Rwanda itafanya lolote ili kujilinda, hapo jibu ni ndiyo, asilimia mia.

Ilikuwa televisheni, najua. Huku kwetu ilifika kama redio. Mtu ana simu yenye kioo kilichopasuka, picha haionekani, sauti inatoka mfukoni. Mimi niliisikia chini ya mwembe, kwenye redio ndogo iliyofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mwenye redio alikuwa ameyatoa mabuye ya redio yake tangu asubuhi, akayaanika juani juu ya wavu, katikati ya ndakala, yapate roho ya saa moja zaidi. Saa ile moja tuliitumia yote kwa neno moja. Vijana waliliiga, wakaligeuza wimbo, mmoja akalifanya mlio wa simu. Mwenye kibanda aliyemdai fundi baiskeli faranga zake akajibiwa hivyo hivyo, na fundi akapigwa makofi na umati mzima kana kwamba amefunga bao.

Mzee mmoja tu hakucheka. Alikuwa anatatua uzi wa nyavu. Akauliza bila kuinua kichwa: "Sasa hao askari wake, jioni wasiporudi kula, hatumi mtu kuwatafuta?"

Mama, swali la yule mzee ndilo dawa yako. "Sijui" ziko mbili. Iko ya mtu aliyepotea njia, na iko ya mtoto mwenye sukari mdomoni. Ya kwanza inakuja na maswali: nani aliwaona, wamepita wapi, nionyesheni. Ya pili haiulizi kitu. Inakaa, inalamba midomo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti iliyotoka Julai 2024, walikadiria askari wa Rwanda ndani ya Kongo kuwa kati ya 3,000 na 4,000. Watu wote hao si sindano iliyoangukia mchangani. Na yule mwanamke kwenye kiti chako naye, kwa jinsi ulivyomweleza, si sindano.

Kwa hiyo usipige kelele. Fanya kama Madowo: uliza kifupi, kisha nyamaza. Mwanamume anaweza kuvumilia matusi ya saa nzima, lakini kimya cha dakika moja kinamtoa jasho. Na hicho kikishindwa, usisahau kwamba jikoni kuna mkuu mmoja tu. Saa ya bugali ikifika, akiuliza kuna nini kwenye sufuria, wewe pia una haki ya kutojua.

*

Mjomba mheshimiwa, mimi nitagombea udepite 2028. Kituo kimoja cha redio hapa Baraka kimenialika kwa mahojiano ya moja kwa moja. Nina sauti nzuri na koti. Shida yangu ni hesabu. Wakiniuliza barabara itagharimu kiasi gani, niseme nini? Rafiki zangu wananishauri nitaje tarakimu yoyote kubwa, watu hawatahakiki.
— Mheshimiwa Mtarajiwa, Baraka

Mheshimiwa, kama hao ni rafiki zako, adui zako wanakupikia keki.

Hebu tusafiri kidogo. London, Mei 2, 2017, kampeni imepamba moto. Diane Abbott, aliyekuwa anapigania kuwa waziri wa mambo ya ndani, yuko kwenye redio ya LBC na mtangazaji Nick Ferrari. Chama chake kimeahidi polisi wapya 10,000. Ferrari anauliza: watagharimu kiasi gani? Mama anasema pauni 300,000 hivi. Piga hesabu mwenyewe, Mheshimiwa, kwa vidole kama tunavyohesabu mafungu ya samaki: ni pauni 30 kwa kila polisi. Hata mlinzi wa usiku wa duka la Baraka angekurudishia rungu lako. Ferrari akauliza kama ni sawa, mama akaruka hadi milioni 80, na idadi ya polisi wenyewe ikaanza kutangatanga hewani. Ukimya, karatasi zinapekuliwa, msikilizaji anasikia kila karatasi. Tarakimu ya chama ilikuwa milioni 300. Neno lililodondoka mwanzoni lilikuwa moja tu, "milioni," na lilipodondoka likaondoka na meza nzima.

Miaka miwili kabla, kituo kile kile, mtangazaji yule yule, Natalie Bennett wa chama cha Kijani alikuwa amekohoa na kunyamaza namna hiyo hiyo mbele ya bei ya nyumba alizoahidi. Ungedhani wangebandika onyo mlangoni.

Lakini sikiliza kilichofuata, maana rafiki zako hawatakuambia. Watu walimcheka Abbott mwezi mzima. Baadaye akaeleza kwamba ana kisukari, na kwamba kampeni ilikuwa imemvuruga sukari yake. Na uchaguzi wa Juni ulipofika, wapiga kura wa Hackney walimrudisha bungeni kwa kura 35,139 zaidi ya aliyemfuata. Walikuwa wanamjua kwa miaka 30. Anayekujua atakusamehe tarakimu. Sasa jiulize, Mheshimiwa: Swima wanakujua? Mara ya mwisho ulipita huko lini bila vioo vya gari kupandishwa?

Na usifikiri kwamba redio ni ndogo basi ni nyepesi. Septemba 29, 2022, waziri mkuu wa Uingereza Liz Truss, baada ya siku kadhaa za kimya huku pauni ikiporomoka kwa sababu ya bajeti yake, alijitokeza asubuhi moja kwenye vituo vinane vya mikoani vya BBC, kimoja baada ya kingine, dakika chache chache. Si wale mabingwa wa London wenye tai. Watangazaji wa Leeds, wa Stoke, watu wanaojua bei ya mkate wa mtaani kwao. Wa Leeds alianza kwa kumwuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Stoke kukawa na vimya ambavyo ungeweza kuvua samaki ndani yake. Oktoba 20 akatangaza kujiuzulu, siku ya 45 ofisini.

Mtangazaji wa kijijini ana kitu kimoja kinachomshinda wa mji mkuu: naye ameipita barabara hiyo. Ukimwambia kwamba barabara ya taifa namba 5 inapitika, atakuangalia viatu vyako, kisha ataviangalia vyake.

Kwa hiyo, kariri tarakimu moja tu, ya kweli, uliyoiuliza kwa fundi na si kwa rafiki. Zilizobaki sema hujui, useme na siku utakayorudi na jibu, kisha urudi siku hiyo. Koti liache nyumbani. Studio zetu hazina feni.

*

Mjomba, depite wetu alipokuwa anaongea nilikasirika, nikaitupa redio ziwani. Sasa ninajuta. Je, redio iliyolowa inapona?
— Mwenye Hasira, Mboko

Ndugu, depite alikuwa Kinshasa. Redio ilikuwa yako. Itoe mabuye, ianike siku tatu, na isipofufuka mpe mtoto achezee waya.

*

Mjomba, mimi ni mtangazaji kijana. Wanasiasa wakija studio wanataka maswali kwanza kwenye karatasi, na wakitoka wanaacha bahasha. Mkurugenzi anasema tukifunga mlango wa bahasha, jenereta italala. Nikiuliza swali gumu, naambiwa nitafungiwa. Nifanye kazi gani nyingine?
— Mikro Baridi, mwambao wa Fizi

Mwanangu, barua yako imeninyamazisha kuliko zote.

Sitakuhubiria juu ya bahasha, maana naijua bei ya mafuta ya jenereta, na waandishi wa nchi nzima wanaijua bahasha hiyo kwa jina lake la Kifaransa, kupaji. Wala sitakudanganya kwamba woga wako ni ndoto. Januari 2025 serikali iliwanyang'anya Al Jazeera vibali vyao kwa sababu walimhoji Bertrand Bisimwa, kiongozi wa M23. Juni mwaka huo huo baraza linalosimamia vyombo vya habari, CSAC, likavizuia vyombo vyote kutangaza habari za Joseph Kabila na za chama chake kwa siku 90. Mtu aliyetawala miaka 18 akageuka kuwa mtu asiyetajwa, kama marehemu mwenye deni. Ukivuka upande wa pili wa mstari wa vita, huko nako wenye bunduki wana orodha yao ya yasiyotajwa.

Nitakupa tu kitu kidogo cha ufundi. Swali gumu silo swali kali. Yule wa Leeds hakutukana, aliuliza "ulikuwa wapi?" Madowo hakupiga meza. Maswali ya namna hiyo hayana jinai: daraja lilianza lini, pesa zilitoka lini, nani alizipokea, mbona bado tunavua viatu? Yaandike kwenye karatasi kama wanavyotaka, uwape karatasi. Wakishayasoma, nusu yao hawatakuja, na hao wasiokuja uwatangaze: kiti kiko wazi, tunasubiri, tupige muziki. Msikilizaji wa Swima anajua kusikiliza kiti kitupu.

Bahasha ikija, mwambie mkurugenzi aipokee yeye, na aisome hewani imetoka kwa nani na ina kiasi gani. Utaona jinsi itakavyopungua unene.

*

Mjomba, unamcheka wa Kigali tu. Wetu alisema kwa sauti kubwa, kwa mdomo mpana, bila "sijui" hata moja. Mbona humsifu? Au wewe ni wa upande gani?
— Mzalendo, Baraka

Mimi ni wa upande wa ziwa, ndugu, kama wewe.

Nakumbuka vizuri. Desemba 18, 2023, siku mbili kabla ya uchaguzi, Rais Félix Tshisekedi alisimama Kinshasa akauambia umati kwamba wakimrudisha madarakani na Rwanda ikiendelea, ataliita bunge limruhusu kutangaza vita, na safari itakuwa ya Kigali. Umati ukanguruma. Mimi nami, kwa kuwa tunaambiana ukweli hapa, nilipiga makofi peke yangu jikoni, na kuku wakakimbia.

Miezi 13 baadaye Goma ikaenda. Februari 2025, Bukavu. Desemba, Uvira, na sauti za silaha zikaanza kushuka na barabara hii ya kwetu. Kwa hiyo mimi ninaye mmoja asiyejua askari wake walipo, na mwingine aliyejua mpaka mji watakaofikia. Na katikati ya asiyejua na anayejua, watu wamebeba magodoro kichwani, sufuria mkononi, na redio, wanaisikiliza wakitembea.

Kumcheka mmoja hakunilazimishi kumpigia mwingine vigelegele. Barua yako ijayo uniandikie daraja la kwenu limefikia wapi.

*

Ya mwisho imeletwa na kijana wa pikipiki, haina stempu wala salamu.

Mjomba, kuna mtu amemharibu mke wangu. Ni siku ya nne. Narudi kutoka ziwani asubuhi, macho mekundu, njaa imenishika. Nikimwuliza kuna nini kwenye sufuria, anasema hajui. Nikimwambia wewe si ndiye mama wa jiko hili? Anasema ndiye, lakini mambo asiyoyajua ni mengi. Dada yangu aliyekuja kututembelea na kutusaidia kumenya mihogo amecheka mpaka amerudi kwao. Nisaidie, mimi ni mtu wa watu.
— Mvuvi, Swima

Kumbe alikuwa dada yako. Na ungemwambia mkeo hivyo siku ile ile alipokuuliza, neno moja tu, leo ungekuwa umeshiba.

Nenda jikoni. Usiulize mtu. Funua sufuria mwenyewe, halafu tuma yule kijana wa pikipiki aje aniambie umekuta nini.