Pombe ya Ukweni na Mvua za Vuli

Tarehe ya kupeleka mahari Biharamulo ilipangwa Dar es Salaam. Shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba hii na ndiye mwenye kuoa, aliona kwamba Siku ya Nyerere ya mwaka 2024 inaangukia Jumatatu, akaomba ruhusa ya siku chache kazini, akapiga simu nyumbani Ngara mwishoni mwa Agosti kwa furaha kubwa: Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba tunakwenda ukweni. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwanangu," akasema, akanirudishia simu, kisha akaenda kukaa kibarazani peke yake akihesabu vidole.

Oktoba kwetu ni mwezi wa jembe. Vuli huanza Septemba, na maharage yanataka kuingia ardhini udongo ungali unashika maji. Mahindi nayo hayangoji mtu. Mvua ikikatika mapema, aliyechelewa kupanda huvuna majani. Juu ya hilo, binti yangu alikuwa darasa la nne, na upimaji wa kitaifa hufanyika mwishoni mwa mwezi huohuo. Ndiyo maana wazee wa Ngara walipenda kupeleka posa na mahari kiangazi. Kati ya Juni na Agosti mtama umeshavunwa, kahawa imeleta fedha, barabara ni kavu, na mwenye shamba anaweza kulala ugenini bila kuogopa atakachokikuta akirudi. Siku hizi watoto wetu wako mijini na ratiba ni ya likizo. Siwalaumu kwa kufanya kazi mbali. Ninachosema ni kwamba likizo inamleta kijana mmoja nyumbani, na mikono inayobeba shughuli yake ni ile ile iliyoshika jembe asubuhi.

Na shughuli yenyewe ilikuwa pombe. Kreti za bia na soda unaweza kuzinunua njiani, na vijana watakushukuru. Wazee wa ukweni wanangoja pombe ya ndizi iliyotoka nyumbani kwenu. Kwa pombe hiyo ndipo watajua kama ni ukoo wenye migomba, wenye watu, na wenye subira. Mshenga alikuwa amekwisha kuahidi madumu matatu ya lita ishirini.

Zamani mama mkwe angetoka tu nyuma ya nyumba na panga lake. Kabla ya mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioripotiwa Kagera kwa mara ya kwanza mwaka 2006, alikuwa na kichaka cha ndizi za pombe ambacho majirani walikitumia kuelekeza wageni. Bakteria wake hubebwa na nyuki na wadudu wengine wanaofuata utomvu wa ua dume, na ndizi za pombe ndizo zilizoumia zaidi. Mpaka leo mama huvunja ua dume kwa mti wenye panda, wala haligusi kwa panga, na panga lenyewe hulipitisha motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Ameokoa mashina machache. Kwa hiyo mikungu ya safari hii ilitoka mashamba matatu: michache yetu, mingine ya jirani, mingine ya sokoni ambayo hakuna aliyejua ilikatwa lini.

Alilitazama rundo lile muda mrefu. "Hizi hazitaiva pamoja," akasema.

Kuvundika ndizi ni kazi ya moto na hesabu. Shimo huchimbwa, huwashwa moto ndani mpaka udongo upate joto, majivu yakaondolewa, likatandikwa majani ya mgomba. Mikungu hupangwa, hufunikwa kwa majani mengi na udongo juu, na pembeni huachwa kitundu ambacho hupitishiwa moshi wa moto mdogo. Joto na moshi ndivyo vinavyoivisha. Ndani ya moshi mna gesi ya ethilini, ileile ambayo tunda huitoa lenyewe linapoiva. Penye joto zuri siku nne zinatosha. Ngara ni nchi ya milima, na usiku wa mvua ni baridi, basi mama akaongeza siku moja. Jumamosi zikazikwa. Alhamisi asubuhi tungefukua na kukamua, na Jumamosi pombe ingekuwa na umri wa kwenda ukweni.

Jumatatu usiku ikanyesha mvua ya kweli.

Nyumba yetu iliezekwa upya mwaka huo. Bati zuri, jekundu, sisi sote tulilifurahia, lakini fedha ya mifereji ilikuwa haijapatikana. Maji yote ya upande wa nyuma yakaruka kutoka kwenye bati, yakapata njia, yakaingia shimoni kupitia kile kitundu cha moshi. Asubuhi mama mkwe aliweka kiganja juu ya udongo na kukiondoa haraka. Tukafukua. Ndizi zilikuwa zimekaa ndani ya maji ya tope, za kijani kibichi na baridi, isipokuwa mikungu ya sokoni ambayo ilikuwa imeanza kuoza pembeni.

Mume wangu alisema tumpigie mshenga, siku isogezwe. Baba mkwe alisema siku ya ukweni haisogezwi kwa sababu ya maji. Wakabishana mpaka mama akauliza swali moja tu: "Nani atanipandia kwenye uchaga?"

Uchaga uko juu ya mafiga jikoni. Ni fito zilizonyooshwa ukutani hadi ukutani, mahali pa kukaushia kuni na mbegu za mahindi, na hapo ndipo ndizi huiva taratibu kwa joto la chakula cha kila siku. Tulifuta mkungu mmoja mmoja kwa kanga kuukuu, tukaipanga yote juu mpaka fito zikapinda. Mbegu za maharage za kupanda zikahamia chumbani kwangu, chini ya kitanda. Kuanzia saa hiyo moto haukuruhusiwa kuzimika wala kuwaka sana: ukizimika ndizi zinalala, ukiwaka zinaiva nje na kubaki ngumu ndani. Chakula kinachokubali moto wa namna hiyo ni maharage makavu, basi tulikula maharage asubuhi, mchana na usiku, na waliotusaidia kupanda walikula hayohayo pamoja na ugali wa muhogo. Yalipikwa kwenye sufuria kubwa la mama, ambalo alilipata mwaka 1994 Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo. Inakadiriwa watu 250,000 waliingia Ngara ndani ya siku moja, mwishoni mwa Aprili. Alipikia wengi wakati ule na hapendi kulieleza. Sufuria likitoka tu, najua kwamba moyoni mwake jambo limekuwa zito.

Tulilala kwa zamu. Wifi yangu alishika usiku wa Jumanne, mimi Jumatano, na mama alishika zote mbili kwa sababu hakuweza kulala wakati ndizi ziko juu. Moshi ulijaa nyumba nzima. Binti yangu alibeba madaftari yake kwenda kusomea barazani kwa jirani, na jirani akamfundisha kugawanya kwa njia ndefu vizuri kuliko nilivyowahi kumfundisha. Mchana tulikuwa shambani. Kuna asubuhi niliyomkuta wifi amesimama katikati ya matuta, jembe mkononi, amefumba macho.

Alhamisi nusu ya ndizi zilikuwa za njano. Mama alizibonyeza moja moja, akakataa. Shemeji alikuwa amefika usiku wa kuamkia siku hiyo kwa basi, macho mekundu ya safari, akasema kwa upole kwamba muda umekwisha. "Muda wako ndio umekwisha," mama akamjibu. "Wa ndizi bado."

Ijumaa asubuhi zikaiva. Tulimenya sote, hata mshenga aliyekuja kuuliza habari akapewa kigoda. Wanaume walikamua ndani ya mtumbwi wa mti kwa nyasi, wakikanda na kugeuza mpaka juisi ikaachana na makapi. Hapo ndipo ilipoonekana hasara ya mvua: juisi ilikuwa chini ya madumu mawili. Kuna aliyependekeza maji yaongezwe. Mama alikuwa ameshaweka kiasi chake cha maji, kile anachokijua. Akafunika mtumbwi kwa majani. "Ukweni hapapelekwi maji," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Akatia unga wa mtama uliokaangwa, ule unaoamsha pombe, akafunika kwa blanketi la kitandani kwake.

Jioni jirani yetu, mwenye ile baraza, alikuja na dumu kichwani. Alikuwa ameandaa pombe ya kipaimara cha mwanawe. Hakusema maneno mengi. Mama alimshika mikono yote miwili, na mimi nikatoka nje kwa sababu machozi yangu safari hii hayakuwa ya moshi.

Jumamosi kabla ya kupambazuka tulipakia kwenye Noah ya kukodi: wazee, mshenga ndani ya koti jipya, jembe la mahari limefungwa kitenge, na madumu matatu nyuma. Pombe yetu haikuwa imemaliza hata siku moja na usiku. Ilikuwa inachemka yenyewe, unaisikia ukiinama. Mama alikuwa ameziba midomo ya madumu kwa vifungu vya majani ya mgomba, vinavyozuia pombe na kuruhusu pumzi. Yeye alibaki nyumbani, kama desturi ya mama wa bwana harusi ilivyo kwetu. Shemeji, akihofia viti vya gari la watu, aliyatoa majani yale na kufunga vifuniko vya plastiki akivikaza kwa nguvu zake zote.

Benaco tulipita kukiwa na ukungu. Jua likatoka tulipoingia barabara ya msitu, ile ambayo miaka ya ujambazi mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Kutoka Rusumo hadi Lusahunga ni kilomita 92, na malori ya Rwanda na Burundi yalikuwa yamekula lami kiasi kwamba gari lilitikisika mfululizo. Mtama na sukari ya ndizi vilikuwa kazini, vikitoa hewa isiyo na mahali pa kutokea, na kila shimo liliongeza mtikisiko. Baba mdogo, aliyekaa nyuma, alisema dumu linamsukuma mgongoni. Tukadhani ni mzigo umeteleza.

Karibu na Nyakahura kifuniko cha kwanza kiliruka kikapiga dari la gari. Dereva alidhani ni tairi, akafunga breki, na cha pili kikafuata. Pombe ilipanda kama chemchemi, ikamkuta mshenga kifuani, ikateremka kwenye koti jipya, ikajaza viatu vya baba mkwe. Tulifungua milango na kushuka kando ya barabara huku waendesha bodaboda wakikimbilia kutusaidia. Dumu la jirani, ambalo pombe yake ilikuwa imetulia, halikumwaga hata tone. Shemeji alisimama na vifuniko viwili mkononi, amenyamaza. Baba mkwe alimwekea mkono begani, akakata majani ya mgomba uliokuwa nyuma ya kibanda cha chakula baada ya kuomba kwa mwenyewe, akaziba midomo ya madumu upya kwa utulivu, akimwonyesha mwanawe kifungu kinavyosokotwa.

Tulifika Biharamulo na dumu moja na nusu, tukinuka pombe kabla ya kukaribishwa. Mshenga alitaka kuanza na salamu ndefu. Bibi wa binti, Mzinza, akamkatiza kwa kuuliza koti limefanya nini. Mshenga ni mtu mkweli. Akaeleza yote, mvua, uchaga, vifuniko. Wazee wa kwao walinong'onezana, kisha wakatutoza faini kwa pombe iliyopungua, kama ilivyo haki yao. Mama wa binti, Msukuma aliyeolewa huko, alituletea matobolwa na karanga tukae sawa. Viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa vilikuwa vitamu kwa njaa tuliyokuwa nayo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilikula kitu kisichokuwa maharage.

Bibi akaonja. Akaonja tena, akauliza nani amepika. Nikamwambia ni mama mkwe wangu, na jinsi alivyokataa maji yaongezwe. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akafungua kitenge, akatoa jembe na kulipima uzito. Wazinza walikuwa wafua chuma wakubwa, na majembe yao yalisafiri mbali kabla ya biashara ya madukani. Jembe kwake halikuwa kitu cha kupokea kwa kupapasa tu.

"Jembe zuri," akasema. "Lakini mmeniletea siku ambayo lilitakiwa kuwa shambani. Na wangu hawa nimewatoa shambani kuja kuwapokea."

Baba mkwe akakiri kwamba hata nyumbani kwetu bado kuna sehemu haijapandwa. Bibi akageukia wazee wake. Faini, akasema, isiwe fedha. Iwe madumu matatu kamili, yaletwe kiangazi, na harusi iwe hukohuko kiangazi, Julai, shamba likiwa limelala. Shemeji alieleza taratibu kwamba likizo yake ya mwaka huwa Desemba. "Mwajiri wako ana mama," bibi akamjibu. "Mweleze, ataelewa."

Mwajiri alielewa. Shemeji alipata kibali cha Julai kwa ujumbe wa simu kabla hatujaondoka Biharamulo. Siku ya Nyerere aliitumia shambani na sisi, akipanda maharage ya chini ya kitanda changu, na fedha aliyokuwa ameiweka kwa faini ilinunua mifereji ya bati ya upande wa nyuma.