Umeme wa Kupoza Soda

Siku hizi jahazi la kutembeza wageni Lamu halihesabiwi kuwa jahazi mpaka liwe na jokofu, birika la umeme na, Mungu atunusuru, mashine ya kahawa. Tanga lipo, ila ni la kupigiwa picha.

Hesabu yenyewe haina siri. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 haipendi kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo mkononi una kama wati-saa 600. Birika la wati 2,000 likipitia kwenye inveta huvuta zaidi ya ampea 160 kwa mkupuo, na waya uliotandazwa ni ule wa taa ya sebuleni. Jokofu nalo, lipo tu pembeni, mchana kutwa linakula zake kimya kimya. Magharibi ikiingia, taa za chombo zinafifia. Soda, alhamdulillahi, ni baridi.

Muulize mwenye chombo ni lini vichwa vya betri vilisuguliwa kuondolewa chumvi na kupakwa grisi. Atakuonyesha paneli yake mpya ya jua. Ipo kweli, kivulini mwa tanga.

Mpishi hajaulizwa kitu. Mzee yule ana sanduku lake la mchanga na makaa, na wali wa nazi umeshaiva zamani, bila fyuzi kuungua. Bwana mwenye jahazi, iuze hiyo mashine ya kahawa, ukanunue waya mnene.