Ndoo ya Kutemea

Shemeji yangu aliteremka kwenye basi pale Kasulu akiwa amekumbatia begi dogo kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na glasi mbili za mvinyo, kila moja imevishwa soksi. Mwaka jana kazi ilimpeleka Afrika Kusini kwa wiki moja, na siku ya mapumziko wakatembezwa Stellenbosch, ambako tangu 1971 wenye mashamba ya zabibu wana njia yao ya wageni: gari linakwenda taratibu, milima huku, mizabibu kule, kila shamba mnasimama na kuonja. Tangu arudi hanywi kitu bila kukizungusha kwanza. Hata Fanta.

"Shemeji," akaniambia usiku ule, "na nyinyi huku barabara mnayo."

Barabara tunayo, kweli. Lami ya Manyovu hadi Kabingo, kilomita 260, si jambo dogo kwa sisi tuliozoea kufika Kibondo tukiwa na rangi ya tofali. Tena wapo wanaokumbuka magari yakipangwa msururu na kusindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Lakini mvinyo? Nikamweleza kwamba zabibu ziko Dodoma, kule Hombolo na Makutupora, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kwamba basi lake limepita mkoa huohuo yeye akikoroma. Akajibu kuwa mvinyo si lazima uwe wa zabibu. Hapo akanikamata, maana migomba imejaa, na mzee mmoja wa Busunzu anayetengeneza pombe ya ndizi namfahamu.

Jumamosi asubuhi akamwomba dada yake, yaani mke wangu, ndoo.

"Ya nini?"

"Ya kutemea. Mtaalamu hamezi, dada. Anaonja, anatema."

Mke wangu alimtazama kwa muda. "Ukateme pombe ya watu mbele ya macho yao?" Lakini ndoo akatoa, ile ya bluu ya kulowekea maharage, na agizo kwamba irudi.

Tukapita Makere, tukashuka hadi Malagarasi. Darajani akataka picha. Nikajitia mwongoza watalii: nikamwambia mto huu unakwenda kumwaga maji Ziwa Tanganyika, na mabwawa yake pamoja na ya Moyowosi ndiyo ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza wanaonjea wapi.

Busunzu tulimkuta mzee kwenye kivuli cha migomba. Sasa, salamu za Waha si za kurusha ukipita. Unapiga makofi taratibu, unaulizwa nyumba, watoto, ng'ombe, mvua, unajibu huku makofi yanaendelea. Shemeji alikuwa ameshika glasi. Kwa kuwa mkono mmoja haupigi kofi, akagonga glasi kwa ukucha: ting, ting. Mzee akasita, akamgeukia mkewe: "Mgeni ana kiu. Mletee."

Pombe ilipokuja, shemeji akaiinua kwenye jua. Ilikuwa nzito, ya rangi ya udongo uliochanganyika na maziwa.

"Mzee, hii ni ya mwaka gani?"

"Mwaka?" Mzee akafikiri sana. "Ni ya juzi."

"Nauliza zao."

"Alhamisi."

Ikabidi aelimishwe. Ndizi huvundikwa shimoni siku kadhaa, zimezungushiwa majani ya mgomba na kufukiwa, mpaka ziive. Humenywa, zikapondwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti hadi zitoe maji, yakachujwa, ukatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa. Kesho yake au keshokutwa unakunywa. Ukichelewa sana, una siki. Stellenbosch wanajivunia chupa iliyokaa miaka ishirini. Hapa ukimpa mtu pombe ya wiki mbili umemtukana.

Shemeji akazungusha, akanusa, akafumba macho. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nasikia moshi," akasema. "Na... nyasi. Nyasi kavu."

Mzee akaweka fimbo chini. "Mtama niliukaanga mwenyewe," akasema polepole, "na nyasi ndizo nilizokamulia." Akanitazama kana kwamba nimemletea mganga. "Huyu kijana ana pua!"

Basi ikawa heshima. Shemeji akapiga funda kubwa, akalizungusha mdomoni mashavu yamefura, akageuka kutafuta ndoo. Ndoo haikuwapo. Mama wa nyumba alikuwa ameshaiona, akajua hawa ni wageni wanaojielewa, wamekuja na chombo chao, na sasa alikuwa akirudi nayo imejaa hadi ukingoni. Akamwekea miguuni, akapiga goti.

Shemeji akameza. Akameza na iliyofuata. Kisha ikaja mirija na chungu na majirani, na utaalamu ukaishia hapo. Mimi dereva nililindwa na muhogo wa kuchemsha na maharage ya mawese.

Jioni pombe ya ndoo ikahamishiwa kwenye dumu. Mzee akaliziba kwa jani la mgomba, akaonya: usikaze kifuniko, bado inachemka. Alipogeuka tu, shemeji akalitoa lile jani na kukaza kwa mikono miwili, eti harufu isipotee.

Tulikuwa tumeshavuka daraja pale buti lilipolia kama bomu. Pombe ilipita juu ya viti vya nyuma ikanimwagikia kuanzia kisogoni. Shemeji hakuamka.

Mbele kidogo, kizuizi. Askari akainama dirishani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Umekunywa ngapi?"

"Sijaonja, afande. Gari ndilo limekunywa."

Nikapulizishwa kipimo: sifuri. Nikapulizishwa tena. Akamwita mwenzake aje aone.

Nyumbani mke wangu hakuuliza kuhusu harufu, wala kuhusu ndugu yake niliyemburuta kwa makwapa. Aliuliza ndoo iko wapi. Na ndoo, bila shaka, ilikuwa Busunzu.

Jumanne kondakta wa basi la Kibondo akanipigia simu. Kuna mzigo wenu stendi, akasema. Ndoo ya bluu, imefunikwa kwa jani la mgomba, ya yule kijana mwenye pua. Nije na mtu wa kunisaidia kuibeba.