Mpini Namba Nne

Watu wa Magogoni wanaijua raketi vizuri sana: ni ile ya kuulia mbu, inayochajiwa kwa stima na kulia *pa!* kila mdudu anapokatiza. Basi niliposhuka kwenye tuktuk na raketi ya tenisi niliyoitoa mitumbani Kongowea, shangazi yangu aliigeuza huku na huku, akatafuta swichi, akaikosa, akaniuliza kwa huruma kama muuzaji bado yupo nikamrudishie.

Haikuwa mbovu. Ilikuwa nene. Kitakoni mwa mpini palikuwa na namba 4, na mimi nina mkono ambao sonara mmoja wa Mji wa Kale aliwahi kuushika akasema ni wa bibi-harusi. Mipini ya tenisi huuzwa kwa saizi, kuanzia 0 hadi 5, na kila saizi huizidi ya nyuma yake kwa thumuni ya inchi ya mzunguko, yaani milimita tatu na kidogo. Namba 4 ni inchi nne na nusu. Namba 2 ni inchi nne na robo, na ndiyo inayojulikana kuwa ya Rafael Nadal. Nadal, pamoja na musuli wote ule, alishika 2. Mimi ninayeshindwa kufungua chupa ya achari nimeangukiwa na 4.

Kabla ya kuupunguza mpini ilibidi nijue mkono wangu unadai kiasi gani. Upo utaratibu ulioenezwa na Robert Nirschl, daktari wa mifupa wa Marekani aliyebobea katika maradhi ya kiwiko: unapima kutoka mstari wa kati wa kiganja hadi ncha ya kidole cha pete, na jibu ndio mzunguko wa mpini. Mtu wa karibu nami mwenye futi ya inchi ni fundi cherehani.

"Mzee, nipimie kiganja."

Akaniangalia juu ya miwani. "Glavu?"

"La, raketi."

Hakushtuka. Mtu aliyezoea kuletewa kitambaa cha suti usiku wa kuamkia harusi hana tena cha kumshtua. Akanyoosha futi kiganjani, akatamka "Nne na robo," akaandika daftarini baina ya kiuno cha mtu na mabega ya mtu mwingine.

"Sasa wewe waitaka ya kubana ama ya kupwaya?"

"Mzee, mimi nataka kipimo tu."

"Basi n'takuwachia na mshono wa kufumua. Watu hunenepa."

Nikamshukuru, nikaondoka, nikidhani mambo yameishia hapo.

Kipimo cha pili hakitaki futi, na ndicho kilichonitia mashakani. Unaishika raketi kama unayetaka kupiga, halafu unapitisha kidole cha shahada cha mkono wa pili katika mwanya ulio baina ya ncha za vidole na shina la kiganja. Kikienea sawasawa, mpini ni wako. Kisipopita, ni mwembamba. Kikipita na nafasi ikabaki, ni mnene. Nilifanya jaribio hilo barazani, baada ya magharibi, kahawa chungu na kashata zikizunguka, na kila aliyekuwapo aliona ni haki yake kutia kidole chake. Kidole cha mvuvi wa Mtopanga hakikupita hata kucha, akatoa hukumu kuwa mpini ni mwembamba, niuongeze. Kijana wa madrasa alitia viwili, akasema bado kuna nafasi ya cha tatu. Nilipojaribu kueleza kwamba kidole kinachotakiwa ni changu mwenyewe, niliambiwa nisiwe mchoyo.

Baraza ilikuwa na sababu ya kulivalia njuga jambo hili. Tangu Julai 2022, Angella Okutoyi alipotwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili kule Wimbledon akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, na kuwa Mkenya wa kwanza kubeba taji la vijana katika mashindano makubwa kabisa ya tenisi, Mkenya yeyote anayeonekana na raketi huulizwa anaondoka lini. Mimi mazoezi yangu yalikuwa ukutani, ukuta wa nyumba ambayo mwenyewe aliisimamisha kwenye linta akaenda Dammam kutafuta mabati. Hilo halikumzuia mtu kunipangia safari.

Hesabu ya kupunguza ni ya kuchekesha. Kutoka 4 hadi 2 ni robo ya inchi ya mzunguko, milimita sita na ushei. Igawanye kwa pai mara mbili, kama tulivyofundishwa na kusahau, unabaki na milimita moja tu ya kuondoa kila upande. Milimita moja! Zamani, raketi zilipokuwa za mbao, ilikuwa kazi ya randa na msasa. Za leo ni kaboni, na mpini wake umevikwa povu gumu lililotiwa kwenye kalibu likatoka na pande nane. Pande hizo hazikuwekwa kwa urembo. Kiganja huzipapasa chenyewe, kikajua uso wa raketi umeelekea wapi bila macho kuuliza.

Seremala wa mtaa wetu ni bingwa wa vitanda. Nilimweleza milimita moja, akanijibu kwamba milimita moja ni vumbi. Akabandua utepe, akang'oa kijipini kinachoushikilia pale chini, akaona pande nane, akasikitika. Kwake yeye kitu chenye kona namna ile ni kazi iliyoachwa njiani. Niliporudi baada ya swala ya alasiri alikuwa ameimaliza: mpini wa mviringo, laini, umepigwa msasa hadi unateleza, povu jeupe limetapakaa sakafuni pamoja na takataka za mvule.

"Nimekutolea zile kona," akasema. "Zingekuchoma."

Sitamlaumu. Mpini ulikuwa mzuri mno, ungeufaa mwiko. Lakini ukutani mpira ulienda utakako. Nikipiga mbele unaruka juu ya linta, nikiupiga chini unarudi kunitafuta magoti, kwa sababu kiganja hakikuwa tena na kona ya kukiambia lolote. Na kwa vile vumbi la seremala lilizidi sana milimita moja, mpini sasa ulikuwa chini hata ya 0.

Kuongeza, walikubaliana wote barazani, ni rahisi kuliko kupunguza, na katika hilo peke yake hawakuwa wamebuni. Wenye maduka ya tenisi huuza mfuko mwembamba wa plastiki unaovikwa mpini na kupashwa moto ukasinyaa, ukapandisha saizi moja nzima. Kisauni tunaye fundi wa baiskeli. Alikata kipande cha tyubu kuukuu, akakipaka maji ya sabuni, akakivisha kwa kukivuta na kuguna. Ile ile hesabu ya pai ikageuka kuwa adui: raba ya milimita moja tu inapandisha saizi mbili, na tyubu ya baiskeli ya mizigo haijui milimita moja. Akavisha na ya pili, kwa ihsani yake.

Juu yake ukaja utepe. Utepe mwembamba wa kufunika huongeza kama nusu ya saizi, nao huviringishwa kuanzia kitakoni kwenda juu, ukivutwa na kupandiana kidogo. Anayetumia mkono wa kulia huviringishiwa upande mmoja, na wa shoto upande wa pili, ili mchezo uukaze usiufumue. Fundi wetu ni wa shoto. Aliufunga kwa ustadi mkubwa, kama ambavyo angejifungia mwenyewe.

Hapo ongeza Machi ya Mombasa, kaskazi imekata, jasho linatoka hata kwa anayetazama. Utepe ukaanza kujifumua, tyubu ikanisiliba kiganja weusi, na kwenye mpira mmoja wa juu, raketi ikaniaga. Ilivuka ukuta wa jirani yangu, muuza viazi karai, ikatumbukia kwenye beseni lake la unga wa manjano.

Alikuja mlangoni ameishikilia kwa ncha ya kanga.

"Baba, n'nani amekutuma?"

Nikaomba radhi, nikalipa unga. Raketi haikutoka. Alikuwa amegundua kwamba nyuzi zake huchuja madonge kuliko chujio lake, na alinirudishia baada ya kumaliza biashara ya jioni, ikanukia bizari.

Kiwiko kilipoanza kuuma, jirani anayesomea tiba ya viungo alinitibu kwa barafu na kwa habari. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwapima wachezaji 16 wa vyuo, wakawapa mpini wa kipimo kile kile cha Nirschl, kisha mwembamba kwa robo inchi, kisha mnene kwa robo inchi. Misuli ya mkono haikuonyesha tofauti ya maana. Robo inchi ndiyo ile ile niliyoihangaikia tangu mwanzo.

"Kwa hivyo ile 4 yangu ya mwanzo…" nikaanza.

"Ilikuwa sawa tu, ami," akasema, akanigeuzia barafu.

Sikupata nafasi ya kumjibu, maana mlangoni alisimama mwanagenzi wa fundi cherehani na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na mfuko wa mpini, wa kitambaa cha kikoi, umetiwa vifungo vitatu na pindo safi, inchi nne na robo kamili. Nikajaribu kuuvisha. Kwa zile tyubu, ule utepe, na plasta nyeupe ambayo mvuvi aliniongezea bila kuulizwa, mpini ulikuwa umeipita 5 zamani. Kifungo cha kwanza kiliruka.

Nikampelekea mzee mwenyewe. Akaushika mpini, akauminya, akashusha miwani.

"Si n'likwambia?" akasema, akitafuta wembe wa kufumulia. "Lete. Ule mshono upo."